Ndevu za Fundi Saa

Benchi lile limeegemea ukuta wa Kinyozi, mlango wa pili kutoka kibanda cha Fundi Saa, na anayelikalia hajui kunyamaza. Asubuhi hiyo birika la kahawa lilikuwa bado zito, na mada ilikuwa moja. Kesho Fundi Saa anahojiwa ubalozini. Binti yake yuko ng'ambo, anasubiri upasuaji wa moyo, na hana ndugu wa kukaa naye. Tatizo ni kwamba nchi hiyo imewakazia masharti wageni Waislamu. Ndiyo maana wenzake walikuwa wamemkalisha Fundi kwenye kiti na kumfunga shuka shingoni, ili ndevu zake za miaka nenda miaka rudi zitoke. Hakuwa ameomba. Alikubali kwa kuchoshwa tu, na pale kitini alijisikia kama mtu anayevuliwa nguo hadharani.

— Ndevu ni mwanzo tu, alisema Redio, anayejua habari zote kabla hazijatokea. Huko kuna mashine inasoma uso. Ukinuna, jina lako linakwenda moja kwa moja kwa wakubwa.

— Basi acheke, akasema Breki, dereva mstaafu.

— Akicheka sana watasema anaficha jambo.

Breki akafikiri, akashauri acheke upande mmoja. Redio akaendelea: tasbihi ibaki nyumbani, neno inshallah lisimtoke kabisa, na jina alitaje harakaharaka liwapite. Mwisho akajitolea kumwazima la kwake la ubatizo, kwa roho safi kabisa, mpaka mgonjwa apone.

— Kwani wananiogopea nini? akauliza Fundi. Mimi hata lifti naiogopa.

— Hawakujui, ndugu yangu. Wanakuona kwenye runinga tu.

— Sijawahi kutokea kwenye runinga.

Kinyozi akakunjua wembe. Nyuma yao alikuwa amesimama mama mmoja mgeni, saa ya ukutani kwapani, akingoja wamalize. Aliona hawamalizi.

— Samahanini. Huyu baba anatafutwa kwa kosa gani? Maana kama atakamatwa, saa yangu niipeleke kwingine.

Wembe wa Kinyozi ukabaki hewani. Fundi aliingiwa na uchungu, kisha ikaja hasira, na hasira ikamfaa zaidi. Akafungua shuka kwa mikono yake mwenyewe, akamrudishia Kinyozi.

— Sina kosa, mama. Lete saa. Utaipata kesho mchana nikitoka ubalozini.

— Na wakikukatalia? Breki aliuliza taratibu.

— Wawe wamenikatalia mimi. Mwanangu anamsubiri baba yake, hamsubiri mtu mwingine.

Akaipokea ile saa, akaanza kuelekea kibandani. Mlangoni akageuka.

— Na nitafika, inshallah, akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka upande wa pili wa barabara.