Gari la Kerubo la Kwenda Kwenye Theluji

Kijiwe chetu ni ubao mmoja juu ya kreti mbili za soda, pale soko la Warwick, Durban, nyuma ya wauza mizizi, mahali ambapo ukikaa dakika kumi shati linanukia dawa za kienyeji mpaka Jumatatu. Mwenye chupa za kahawa ni Gloriose, Mrundi asiye na maneno mengi. Maneno tunayo sisi. Mimi ni Billy, fundi simu. Meza yangu iko hatua tatu kutoka hapo na wateja wangu wameshazoea kunisubiri nimalize ubishi. Jumamosi hiyo kulikuwa na kile kibaridi cha Juni ambacho watu wa Durban wanakiita winter, wanavaa makoti, wanasikitikiana. Kerubo akaja na karatasi ya rangi kutoka duka la magari. Kerubo ni nesi, Mkisii, na miaka minne tumekaa naye ubao huo huo. Amepata kazi kliniki ya milimani, upande wa Underberg, karibu na mpaka wa Lesotho, kule ambako Julai theluji inaanguka kweli, na kazi yenyewe ni kuzungukia wagonjwa vijijini kwa gari lako mwenyewe. Gari alishalichagua. Tatizo ni kwamba gari hilo hilo moja linauzwa kwa madaraja matatu, na saa nne kamili mwenye duka angepiga simu aambiwe ni lipi. Ilikuwa saa tatu na robo.

Karatasi ilimfikia kwanza Désiré, Mkongo wa Bukavu, fundi magari. Sisi tunamwita Gasketi.

Gasketi: Bon. Hii ya chini iko na viti mbili tu. Kule nyuma wazi, ni ya mizigo. Rimu ya chuma. Dirisha unazungusha na mkono.

Gloriose: Hiyo ni kahawa kavu.

Gasketi: Ya katikati iko na viti tano. Iko na kamera ya kuangalia nyuma.

Gloriose: Ya maziwa.

Gasketi: Na hii ya juu... mama yangu! Viti inapata moto. Usukani inapata moto. Paa ni ya kioo!

Gloriose: Tangawizi.

Basi, majina ya kwenye karatasi yakafa papo hapo. Ikawa Kavu, Maziwa na Tangawizi.

Kiptoo akainyakua karatasi. Yeye ni Profesa, si kwa cheo bali kwa kuvumilia: mwaka wa sita huu anaandika tasnifu moja kuhusu mvua.

Profesa: Usukani upate moto wa nini? Hapa Durban, Januari, usukani unakuchoma bure, na hakuna mtu amekulipisha.

Kerubo: Si Durban, Profesa. Kule asubuhi maji yanaganda kwa bomba. Na theluji ikifunga barabara, inafunga siku mbili, tatu. Unakaa tu unangoja.

Profesa: Sawa. Lakini tuseme ukweli. Uko peke yako, na maboksi ya dawa. Hivyo viti vya nyuma ni vya nani? Chukua Kavu, maneno yaishe.

Hakukosea. Profesa akiwa na akili huwa anaudhi zaidi. Nilimwona Kerubo anakoroga kahawa isiyo na sukari, anaikoroga na kuikoroga.

Wa tano ubaoni ni Babu Uthmaan. Watu wake walitoka pwani yetu zamani sana, yeye amezaliwa hapa hapa, akahamishiwa kitongoji cha Chatsworth na wenzake wote akiwa mtoto, enzi za ubaguzi. Ameendesha lori la mikate miaka thelathini. Kiswahili chake nusu ni cha bibi yake, nusu amekiokota hapa kwenye ubao, na methali anazipenda kuliko maana zake.

Babu Uthmaan: Hii hapa kwenye gia, 4H na 4L, mnaijua?

Profesa: Tuambie, Babu.

Babu Uthmaan: H ni Home. L ni Lesotho.

Profesa: Eish, Babu!

Gasketi: Wacha mzee. H ni ya mbio, L ni ya polepole na nguvu. Ukiwa unapanda Lesotho unaweka L, ukirudi kwako unaweka H. Sasa mzee amekosea wapi?

Tukatafuta alipokosea, hatukupaona.

Babu Uthmaan: Halafu wahenga walisema, penye nia pana njia. Kama njia ipo, hiyo foo-bai-foo, magurudumu yote manne yanavuta, ya nini?

Gasketi: Wahenga walikuwa na miguu, mzee. Dada Kerubo, sikia fundi. Tangawizi ni ya kupendeza kwa robot, zile taa za barabara. Ukisimama taa nyekundu, watu wanageuka. Lakini tairi yake nyembamba kama mkanda, rimu kubwa. Jiwe moja ya kule, pwaa! Kavu na Maziwa ziko na tairi nene. Tairi nene inakunja, inameza jiwe.

Kerubo: Kwa hiyo Tangawizi tumetoa?

Profesa: Ngoja, ngoja. Tusiitoe haraka. Ile paa ya kioo.

Na hapo ndipo tulipopotea njia. Profesa alifumba macho, mtu ambaye kwa kawaida hata kupiga chafya anataka ushahidi.

Profesa: Umepaki. Theluji imeanza. Umelaza kiti, unaangalia juu. Hiyo kitu haina sauti, manze. Inakuja tu, inakuja, inakuja, mpaka hujui kama ni theluji inashuka ama ni gari inapanda.

Gasketi: Gari iko inapanda.

Profesa: Aje?

Gasketi: Theluji ikijaa chini ya gari, si inasukuma? Kila asubuhi unaamka juu kidogo. Wiki moja, uko juu ya mawingu. Pale unazima moteur. Wingu ndiyo inakubeba.

Kerubo: Na petroli?

Gasketi: Petroli ya nini tena, dada? Juu ya wingu ni mteremko kila upande.

Gloriose akamwaga kahawa nyingine bila kuombwa. Nadhani na yeye alikuwa anatazama huo mteremko.

Babu Uthmaan: Maji yakimwagika hayazoleki, sivyo?

Profesa: Hayazoleki.

Babu Uthmaan: Na theluji?

Profesa: Theluji... mtu anachukua koleo.

Babu Uthmaan: Umeona? Theluji inazoleka. Ndiyo maana watu wa kule wako taratibu. Mtu akikosea, akimtukana nduguye, akiacha kwenda kumwona mamake mpaka amekufa, asubuhi anachukua koleo, anazoa, anarudisha mahali pake. Mimi ningependa kuona hivyo. Hata mara moja.

Hatukumcheka. Methali aliivunja vipande, lakini vipande vyenyewe vilinipendeza kuliko ilivyokuwa nzima.

Gasketi: Basi mzee, unakaa nyuma katikati, unafungwa mkanda vizuri. Kwa zile kona mbaya mi ndiyo nashika usukani.

Profesa: Mbele karibu na dereva ni mimi. Ramani ninayo.

Gasketi: Na koleo je?

Profesa: Iko miguuni mwangu, si unaiona?

Kerubo: Ngojeni kwanza! Na mwenye gari atakaa wapi?

Gasketi: Nyuma ya dereva, dirishani. Wewe umechoka na wagonjwa, lala.

Babu Uthmaan: Dirisha la pili ni la Billy. Huyu asipopata dirisha atanung'unika mpaka Lesotho.

Kweli ningenung'unika. Safari sizipendi; Pietermaritzburg yenyewe, saa moja tu kutoka hapa, nimefika mara mbili, na zote nililazimishwa. Lakini siku hiyo nilikaa dirishani kwangu vizuri kabisa. Kerubo alikuwa anacheka, kichwa kakiegemeza kwenye bega la Babu, na malisho ya ng'ombe yalikuwa yanapita nje meupe, hakuna mtu, hakuna honi, na pumzi zetu zimetia ukungu kwenye kioo mpaka Babu akaandika jina lake kwa kidole. Mteja mmoja aliniita kwa mbali, simu yake haiingizi chaji. Nikamwambia asubiri, niko mlimani.

Gasketi: Gloriose, wewe tunakuweka wapi? Kwa buti na machupa yako?

Gloriose: Mimi siendi. Lazima awepo mtu hapa mkirudi.

Sasa, muda wote huo alikuwa amesimama pembeni kijana mmoja mgeni, kikombe mkononi. Baadaye tulimjua kuwa anaitwa Audace, ana wiki mbili tu Durban, na kilichomvuta ni kusikia Kiswahili katikati ya soko. Hakuwa na haraka wala ujuaji. Alikuwa amesikiliza safari yetu tangu tairi nene mpaka mawinguni. Akameza funda lake, akauliza kwa adabu:

Audace: Samahani. Sasa mnaondoka lini?

Mnaondoka. Angesema unaondoka, Kerubo angemjibu mara moja, Jumapili ijayo, na angeongeza saa. Herufi moja tu. Profesa alifumbua macho. Gasketi aliikunja ile karatasi ya gari, akaikunjua, akaikunja tena. Kerubo akainua kichwa kutoka begani kwa Babu, akakaa wima, na mimi nikaona pale ubaoni pengo lake litakavyokuwa: upana wa mtu mmoja, kati ya Babu na mimi. Nilijisikia vibaya. Asubuhi nzima tumezungumza tairi, gia, taa za ukungu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia huyu dada kwamba tutamkosa.

Simu ya Kerubo ikalia.

Mwenye duka alikuwa mtu wa saa. Kerubo aliongea naye kwa kile Kiingereza chake cha wodini, kifupi na safi. Ndiyo, ni mimi. Ndiyo, nimeamua. Akatutazama mmoja mmoja, Gasketi, Profesa, Babu, mimi, kama nesi anayehesabu vitanda.

Ile ya katikati, akasema.

Sauti ya upande wa pili ikaeleza kitu kirefu. Nadhani ilikuwa inamwambia alichosema Profesa, kwamba kwa mtu mmoja na mizigo, ya chini inatosha kabisa.

Najua, Kerubo akasema. Ndiyo, naishi peke yangu. Viti vitano.

Akakata simu, akaiweka mapajani, akaifunika kwa viganja vyote viwili.

Kerubo: Profesa, usianze.

Profesa: Sijasema kitu.

Kerubo: Ningechukua Kavu, kila nikigeuka nyuma ningeona maboksi tu.

Profesa: Mimi nasema Maziwa ni gari nzuri. Hata kwa mvua.

Gasketi akajifuta macho, akasema moshi wa wauza mizizi umemwingia machoni, na kweli moshi ulikuwepo, kidogo. Yule mgeni alibaki amesimama na kikombe chake, anatutazama kwa zamu, ameona amevunja kitu na hajui ni kipi.

Audace: Samahani, wazee. Nimeuliza vibaya?

Babu Uthmaan alimshika mkono, akamvuta taratibu mpaka akakaa ukingoni mwa ubao. Ilibidi sote tusogee.

Babu Uthmaan: Hukuuliza vibaya, mwanangu. Huyu anaondoka Jumapili ijayo. Sisi bado.