Dkt. Richard Hiza na Udongo wa Makuyuni

Baba yetu, Dkt. Richard Hiza, hakuwasha taa kwa ncha ya kidole. Aligusa swichi kwa mgongo wa mkono, hata nyumbani kwake, na aliyemuuliza alijibiwa kwamba umeme haumjui mwenye nyumba.

Alizaliwa Makuyuni, Korogwe, tarehe 9 Aprili 1953, mtoto wa tatu wa Mzee Yakobo Hiza na Mama Lea, Washambaa walioshuka milimani kulima mahindi. Akiwa darasa la nne, radi ilimuua rafiki yake waliyeketi naye dawati moja. Hakupenda kulizungumzia, lakini masomo yake yote yalielekea huko. Alisoma sekondari Tanga, na mwaka 1978 alihitimu uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akabakizwa kufundisha. Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na mama yetu, Mwalimu Serafina.

Mwaka 1985, kwa ajili ya shahada ya uzamivu, alichimbia fimbo za shaba kwenye viwanja vya ndugu hapa Makuyuni, apime kama udongo unaweza kuipokea radi hata wakati wa kiangazi. Wazee walidhani ni zindiko, wakamwita kikaoni. Shangazi yake, Bi Fausta, alimuuliza ni dawa ya nini. Akasema ni ya radi.

"Basi chimbia na kwangu," shangazi akajibu, na kikao kikaisha.

Vipimo vilitoka vizuri ajabu. Alitunukiwa uzamivu mwaka 1989, na shule nyingi zilifungiwa kinga ya radi kwa kufuata vipimo hivyo.

Alistaafu mwaka 2013, akarudi nyumbani. Krismasi ya 2019, mezani, Bi Fausta alisimulia jinsi yeye na majirani walivyozimwagia fimbo zile maji kila jioni.

"Dawa haikai kavu, mwanangu. Tungekuacha uaibike?"

Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha chakula chake kikapoa, maana udongo uliolowa huipokea radi kirahisi kuliko mkavu. Mwezi uliofuata alianza kupima upya Handeni, kwenye ukavu wa kweli, pamoja na Dkt. Shamimu Athuman, aliyekuwa mwanafunzi wake. Alitamani sana kuimaliza kazi hiyo. Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, na tarehe 3 Oktoba 2025 alifariki dunia mjini Korogwe.

Ameacha mjane, watoto watatu, mimi Loveness, Angel na Yakobo, wajukuu watano, na Bi Fausta, aliyeketi hapa mbele yetu. Mungu amjalie pumziko ambalo mwenyewe hakujipa.

Siku moja kabla hajatutoka nilikuwa namlisha uji. Nilimweleza kwamba Dkt. Shamimu amepiga simu. Vipimo vya Handeni vinapingana na vile vya zamani, naye anaona haya kumsahihisha mwalimu wake. Baba alisogeza kijiko pembeni.

"Mwambie aandike kwamba nilikosea," alisema. "Mvua za vuli zimekaribia, na watoto wapo madarasani."