Nyumba Iliyotengwa kwa Ajili ya Natalia

Wasikilizaji wapendwa, leo nitasema polepole. Mnivumilie. Tangu Jumanne sauti yangu haijakaa sawa.

Hilaria Sulle hayupo tena. Narudia kwa ajili ya wale waliofungua redio sasa hivi. Mama Hilaria Sulle, mkulima wa Gendabi, wilaya ya Hanang, amefariki dunia. Tumemzika Alhamisi. Nilikuwepo, udongo nimeutupa kwa mkono wangu huu, na bado naona kama tumezika mtu mwingine.

Wengi wenu mnaikumbuka sauti yake. Mwaka jana nilipita Gendabi na mashine yangu ya kurekodi, nikamwomba awasalimie ndugu zake wa Mbulu. Alinitazama nikibadilisha betri, akauliza, "Mwanangu, na hicho kidude nacho kinataka uji?" Tulicheka mpaka nikasahau kubonyeza kitufe. Ikabidi asalimie upya.

Sasa nawaambia lililotokea, ingawa mimi mwenyewe silielewi.

Jumanne ilikuwa siku ya mavuno kwenye shamba kubwa la ngano. Natalia, binti yake Hilaria, ni mpishi pale. Anawapikia madereva wa trekta. Asubuhi Hilaria alimpelekea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, kama alivyozoea. Alikaa jikoni, akaionja mboga, akasema chumvi imezidi, akawatania madereva kwamba ndiyo maana wote wana kiu. Halafu akaaga. Trekta moja lilikuwa linarudi upande wa kijijini likivuta tela la magunia matupu. Dereva akampa lifti. Kwenye mteremko wa korongo tela likaachia, likapinduka.

Ni hivyo tu. Mtu anaaga, anapanda tela, basi.

Natalia alisikia kelele akadhani ni moto. Wakati wa mavuno ngano imekauka, na kila mtu huko anaogopa moto. Aliniambia hivi: "Nilikimbia na ndoo ya maji. Nimefika, hakuna moto. Kuna mama. Na maji ninayo mkononi. Nikamnawisha uso. Sikujua jambo lingine la kufanya."

Wasikilizaji wapendwa, Natalia si mtoto wa kuzaliwa na Hilaria. Shikeni hilo, maana ndilo lililonileta hapa leo. Hilaria na mumewe, marehemu Bura, hawakujaliwa kuzaa. Natalia waliletewa, na namna alivyoletwa haijawahi kutokea Gendabi, si kabla wala baada.

Ilikuwa miaka ile mashamba ya ngano yanaanza. Nyasi za malisho zilikuwa zinalimwa, na wafugaji wa Kibarabaig walikuwa wanahama na ng'ombe zao kutafuta pengine. Mchana mmoja Hilaria alikuwa anapalilia maharage. Akamwona mama wa Kibarabaig amejishikiza kwenye mlango wa zizi. Mjamzito. Amebaki nyuma ya wenzake, na uchungu umeshamkamata.

Wale mlio mbali na kwetu, hapa msikilize vizuri. Kwa mila yetu sisi Wairaqw, mwanamke wa nje hazalii ndani ya nyumba yako. Akizalia, nyumba inaingia metimani. Metimani ni kutengwa. Hampeani mikono na majirani. Hamchoti maji pamoja nao. Hawaji kuomba moto kwenu, na ninyi hamwendi kuomba kwao. Hata ng'ombe wenu hawachangamani na wa wengine. Mnakaa hivyo mpaka wazee waseme yatosha, kwa kuogopa balaa lisisambae.

Hilaria alilijua hilo. Alizaliwa Mbulu kule juu, kwa watu wa mila hasa. Angeweza kumwelekeza yule mama chini ya mti na kumpelekea maji, na hakuna ambaye angemlaumu. Alimwingiza ndani. Akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe.

Bura alirudi akasimama mlangoni. Akasema, "Hilaria, umetufungia." Hilaria akamjibu, "Ingia uchemshe maji. Utalaumu ukishamaliza."

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Mama yake alitokwa damu nyingi, akafariki kabla jua halijazama. Kaburi Bura alilichimba peke yake, na majirani walisimama mbali wakitazama. Walikuwa na huruma, lakini hakuna aliyevuka.

Palizi yote ya mwaka ule hakuja mtu kuwasaidia. Magugu yalikula maharage. Hilaria alipokuwa ananisimulia hayo nilitegemea ataonyesha uchungu. Wapi! Alisema, "Wenzangu walifikiri wamenipa adhabu. Kumbe wamenipa likizo ya uzazi. Hakuna mgeni, hakuna kazi ya ujima, mimi na mtoto tu. Nilimtazama mpaka nikajifunza uso wake."

Alimlea kwa maziwa ya ng'ombe. Wazee walipoifungua nyumba, alimpeleka kanisani akabatizwa Natalia.

Msidhani ilikuwa raha tupu. Hilaria hakupenda watu wa kusifu kulea na kuficha taabu zake. Shuleni wenzake walimwita Natalia kwa lile jina baya wanaloitwa Wabarabaig, ambalo mimi hapa sitalitamka. Alipofika darasa la nne aligoma kula. Akamwambia mama yake, "Wewe si mama yangu. Nipeleke kwetu."

Mzazi mwingine angechapa. Hilaria alilia kwanza, hakunificha hilo. Halafu akamfunga Natalia kanga safi, wakaenda mnadani Balangdalalu. Aliuliza kwa kila mfugaji habari za mjamzito aliyepotea wakati wa kuhama, mnada hata mnada, mpaka akampata mzee Gidamis. Mzee Gidamis ni baba yake yule mama aliyefariki. Miaka yote hiyo aliamini binti yake aliliwa na wanyama porini.

Hilaria alipiga goti, akasema shikamoo. Mzee hakuitika. Alikuwa anautazama uso wa mtoto. Hilaria alinisimulia, "Nilikuwa nimemshika Natalia mkono mpaka akasema, mama, unaniumiza. Nilijua mzee akisema neno moja tu, ninarudi Gendabi peke yangu." Nilimwuliza, sasa kwa nini ulimpeleka? Akasema, "Aliniomba. Na ni kweli ana kwao."

Mzee Gidamis aliuliza kitu kimoja. Binti yake kalala wapi? Hilaria akampeleka Gendabi, akamwonyesha kaburi, limezungushiwa mawe, limefyekwa vizuri. Mzee alirudi kwake, akaleta ng'ombe wa maziwa, akasema mtoto anywe maziwa ya kwao na abaki kwa mama yake.

Tangu siku hiyo Natalia alikuwa na nyumba mbili. Likizo anakwenda kwa babu, akirudi amejaa Kibarabaig, na akikasirika anakitumia. Hilaria alicheka, "Lugha yao nimejifunza kwa kugombezwa na mwanangu."

Basi, turudi Alhamisi. Tumetoka kaburini, padre ameshaondoka, tuko nyumbani Gendabi. Wapo walioiacha mila ya metimani kwa sababu ya kanisa. Ukoo wa Bura haujaiacha. Mama akifa, hiyo nayo ni metimani: watoto wake wananyolewa na kufungiwa ndani. Mkubwa wa ukoo ni mzee Tluway, kaka yake Bura. Alisimama, akasema mbele ya watu wote, "Natalia, mwanangu, wewe hili halikuhusu. Uko huru. Nenda zako kazini."

Mimi nilipigwa na butwaa. Nilimwuliza baadaye, naye akanijibu kwa unyonge, "Nilimwonea huruma. Akifungiwa, kazi ya jikoni itapotea. Nilidhani namsaidia." Namwamini kabisa. Lakini ningeomba mwone uso wa Natalia. Mama yake alipofukiwa hakuanguka. Pale ndipo alipoanguka.

Alipoinuka hakwenda kokote. Alikaa chini nje ya ua. Mama mmoja, Konsolata, jirani, akamnyooshea mkono wa pole. Natalia akauficha wake nyuma. Wakamletea maji, akasema hanywi kwenye kikombe cha watu. Akamwambia mzee Tluway, "Baba, shikamoo. Nilipozaliwa mlimfungia mama kwa sababu yangu. Leo amekufa, mnaniambia niko huru? Huru ni mgeni. Nifungieni."

Mzee Tluway akamgeukia mzee Gidamis, aliyekuja tangu Balangdalalu na fimbo yake. Nadhani alitegemea babu atamchukua mjukuu wake, mambo yaishe.

Mzee Gidamis alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Nikimchukua leo, huyu mama atakuwa amekufa bila mtoto. Yeye alimzika mtoto wangu. Mimi siwezi kumfanyia hivyo."

Mzee Tluway akamwita mkewe alete wembe. Natalia alinyolewa palepale, mbele yetu, kama mtoto yeyote aliyefiwa na mama. Akaingia ndani, mlango ukafungwa. Ndani tukamsikia analia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Mzee mzima kama mimi nilijifuta machozi kwa kofia.

Kwa hiyo leo Natalia hawezi kuja studio. Hawezi kumpa mtu mkono. Hajui kama atapata tena kazi yake. Tumeambiwa redio ipo ndani ya nyumba. Natalia, kama unasikiliza, pole sana, dada yetu. Pole mzee Gidamis. Pole mzee Tluway na ukoo wote wa Bura, na akina Sulle wote wa Mbulu. Mungu awatie nguvu, maana sisi huku tumeishiwa maneno.

Na wewe unayenisikiliza, huenda nyumbani kwako kuna mtoto uliyempokea. Mtazame leo. Jiulize siku utakapozikwa watu watamwambia nini. Kama hujui, waite ndugu zako uwaambie ukiwa hai, na yeye awepo asikie. Hilaria hakuwahi kuona haja ya kusema. Alidhani kila mtu anajua.

Nilipokuwa naondoka mzee Tluway alinisindikiza mpaka njia panda. Akasema, "Ukifika huko redioni, utangaze vizuri." Nikamwuliza, nitangazeje, mzee? Akanieleza, akanirudishia mara mbili nisikosee. Natangaza kama alivyonituma.

Hilaria Sulle wa Gendabi amefariki dunia. Ameacha mtoto mmoja, Natalia.