Kisukari cha Mke Mwenzangu na Changu

Ndugu zangu wa kikundi hiki cha wenye kisukari, wazee wenzangu na ninyi vijana mlioketi nyuma, nimezipokea salamu zenu. Maneno mtakayoyasikia ni yangu, ila anayeyasoma ni mjukuu wangu. Mimi sikwenda shule; nilimtamkia nyumbani, Misugusugu, naye akaandika. Ningeweza kusimama mwenyewe, lakini najijua: nikifika katikati nitaanza kuwagombeza wanaonong'ona. Basi nimekaa hapa kando yake, na akiruka neno nitamsimamisha.

Mimi ni mkulima wa mihogo kutoka Marui, kule Kisarawe. Sukari ilinikuta huko nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu. Nilikunywa maji kutwa, na usiku sikutulia kwa kwenda chooni. Hospitalini nikapewa vidonge, nikavimeza. Miaka ikapita, miguu ikaanza kufa ganzi. Nilikanyaga mchanga wa moto wa adhuhuri bila kuusikia, nikajisifu kwamba ngozi yangu imekomaa. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa najisifia ugonjwa.

Mwanangu, anayefanya kazi Dar es Salaam na kurudi kila jioni, akanichukua nikae kwake, huku Misugusugu. Hapo ndipo nilipozoeana na huyu anayewasomea. Kwetu bibi na mjukuu wa kike hutaniana kama wake wenza, kwa hiyo tangu mdogo huniita mke mwenzangu, nami humwita hivyo hivyo. Tulikula sahani moja. Uji ukinishinda, alimalizia kwenye kikombe changu. Jioni aliniosha miguu, akaipaka mafuta ya nazi, huku akinisema kwamba kwa nyayo zile tungeweza kukuna nazi bila mbuzi.

Kisha mtoto akaanza kukonda. Akawa anamaliza maji ya mtungi, na akarudia kukojoa kitandani, msichana mkubwa wa darasa la sita. Asione haya kulisoma hili. Nimemwamuru aliandike, maana mwingine humu ana mtoto wa namna hiyo nyumbani na anamchapa. Siku moja akaanguka shuleni, anapumua kwa shida. Akalazwa. Tukaambiwa ana kisukari, na kwamba atachoma sindano za insulini kila siku ya maisha yake.

Mimi nilisikia neno moja tu, kisukari. Sikuuliza ni kisukari gani, kwa kuwa sikujua kwamba kiko zaidi ya kimoja. Moyoni nikahukumu: nimemwambukiza, kwa ule uji wa kikombe changu. Na kwa kuwa kijijini kwetu wale niliowaona wamefikia sindano tuliwazika, nikaamini mtoto atanitangulia kwenda kaburini.

Nikajitenga. Nikachukua sahani yangu na kikombe changu, nikaviweka chini ya kitanda ili asiviguse. Alipokuja na mafuta jioni, nikamfukuza. Alisimama mlangoni na chupa mkononi, akaniuliza, "Mke mwenzangu, nimekukosea nini?" Nikamjibu kwamba amekua, aende akasome. Akaenda kulia kwa mama yake. Mama yake ni mkwe mwenye adabu, hakuthubutu kuniuliza. Kwa ukali wangu, katika nyumba ile hapakuwa na wa kuniuliza.

Sasa sikilizeni vizuri. Miguu ambayo mjukuu aliitazama kila jioni, haikutazamwa tena na mtu. Macho yangu hayaoni vizuri kufika huko chini, na mguu wenye ganzi haulalamiki. Msumari mdogo ukatoboa soli ya kandambili yangu, nikatembea nao, sijui tangu lini. Mjukuu ndiye aliyegundua, alipokuwa anapiga deki: alama zenye damu, kutoka chumbani kwangu hadi mlango wa uani. Hakuniomba ruhusa. Alipiga magoti, akauinua mguu, kisha akaenda kumwita baba yake.

Hospitalini, Kibaha, ilionekana kidole kimoja kimeshaoza. Daktari akasema kitakatwa. Mguu wenyewe ungeweza kuokolewa iwapo sukari ingeshuka, na vidonge peke yake havikutosha tena, ilibidi nichomwe insulini. Nikakataa. Nikamtaka mwanangu anirudishe Marui, nikazikwe kwetu na mguu wangu. Alinibembeleza, mkwe wangu akalia, daktari akaeleza tena. Mimi nikageukia ukuta.

Mjukuu aliletwa saa ya chakula cha mchana. Alikaa pembeni mwa kitanda changu, akatoa sindano yake, akainua blauzi na kujichoma tumboni, ametulia kama mtu anayefunga kifungo. Nikamwuliza kama hajui kwamba sindano ni ya watu wanaokufa.

"Bibi," akasema, na siku hiyo hakunitania, "mimi nachoma ili nile. Nisipochoma ndiyo nitakufa."

Hapo ndipo ulimi wangu ulipofunguka. Nikamweleza kwamba mimi ndiye niliyempa ugonjwa, kwa kikombe cha uji, na kwamba nilimfukuza nisimwongezee. Kisha akaenda kumwita muuguzi aje asikie.

Muuguzi yule, binti mpole, hakunicheka. Alinieleza kwamba kisukari hakiambukizwi kwa chombo wala kwa mkono. Cha mtoto ni aina ya kwanza: mwili wake umeacha kutengeneza insulini, na vidonge vyangu visingeweza kamwe kushika nafasi ya sindano yake. Changu ni aina ya pili: mwili unaitengeneza, ila hauitumii vizuri, na kwa miaka insulini yenyewe hupungua. Sindano isingenihamishia kwenye aina ya mtoto, wala haikuwa hukumu ya kifo. Ilikuwa dawa tu.

Mjukuu akafuta macho. "Basi chomwa, mke mwenzangu. Au unaogopa nitakuona ukilia?"

Nikamwambia muuguzi alete.

Kidole kilikwenda, mguu ukabaki. Namshukuru mwanangu, aliyelala kwenye benchi la hospitali na asubuhi akaenda kazini. Namshukuru mkwe wangu, aliyenilisha bila kunikumbusha ukali wangu. Namshukuru muuguzi yule, na ninyi wa kikundi hiki mliokuja kuniona na kuniuliza habari za kidonda kabla ya habari za shamba.

Nanyi nawausia hivi. Ukiambiwa kisukari, uliza ni aina gani, na usimpe mwenzako dawa yako kwa kuwa jina la ugonjwa ni moja. Miguu yako, kama huioni, mpe mtu aitazame. Na usimfukuze unayempenda kwa jambo ambalo hujamwuliza anayelijua.

Sahani yangu ilitoka chini ya kitanda, tunakula pamoja tena, kila mmoja na sindano yake. Jioni mjukuu huja na chupa ya mafuta. Huanza na ule mguu wenye vidole vinne, nami humwachia.