Papa Rigobert na Ukuta Alioubomoa Mwenyewe

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, tarehe 29 Agosti 2025 Papa Rigobert Kalaba, seremala wa karakana yetu ya mizani hapa Lubumbashi, anaweka nyundo chini. Mkewe, Mama Huguette, anasema ataamini akimwona amekaa nyumbani Jumatatu.

Aliajiriwa mwaka 1991 kutengeneza masanduku ya mizani zilizosafirishwa kwa treni hadi Sakania. Masanduku yake yalikuwa imara kupita kiasi. Wateja wa Sakania walikuwa wakitumia nusu siku kuyafungua, na mmoja alituandikia barua kuomba tumtumie na seremala. Halafu kuna ile tabia yake ya kugonga kuta kwa vidole asikie kama ziko wazi ndani. Kwenye harusi ya binti yake Estelle, kule mtaa wa Golf, aligonga ukuta wa ukumbi wakati padri anabariki chakula.

Kazi yake kubwa ilikuja mwaka 2018. Tulianza kupima mizani ndogo za maabara, zile zinazosumbuliwa hata na joto la mkono, nasi tulikuwa ndani ya hanga la mabati linaloungua Oktoba na kutetemesha watu Julai. Papa Rigobert akajenga chumba ndani ya hanga: fremu ya mbao, sufi ya kioo ya kuzuia joto katikati, karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu, kisha triplex, zile mbao bapa za plywood. Mimi Bijou Chisanga, ninayeandika haya, nikafunga clim, yaani kiyoyozi, ya kukiweka kwenye digrii ishirini.

Januari mvua zikakolea, maji yakaanza kutoka chini ya kuta. Triplex ikaota ukungu, mizani zikaanza kudanganya.

Macho yote yakanigeukia mimi. Mkutanoni Papa Rigobert alisimama na sauti yake ya kwaya akasema ukuta yake iko muzuri, baangalie clim. Nilibadilisha mpira wa kutolea maji mara mbili, wapi. Mkurugenzi wa wakati ule akanipa hadi Ijumaa. Maji yasipokoma, kazi basi. Nina watoto wanne. Kusema kweli, wiki ile nilimchukia Papa Rigobert.

Jumatano baada ya kazi alikuwa kwenye baa moja ya Kamalondo, mbele ya chupa ya bia baridi. Akaona chupa inatoa jasho, tena kwa nje, upande wa joto. Aliiacha hapo hapo bila kuinywa, na wanaomjua wanaelewa jambo hilo ni zito kiasi gani.

Alhamisi asubuhi alimwita mkurugenzi na sisi wote, akachukua msumeno, akaukata ukuta wake mwenyewe. Sufi ilikuwa imelowa kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Kitabu alichofuata kiliandikwa kwa nchi za theluji, ambako joto liko ndani ya nyumba, ndiyo maana nailoni huwekwa upande wa ndani. Kwetu joto na unyevu viko nje, kwenye hanga. Vilikuwa vinapenya hadi kwenye sufi, vinakutana na baridi ya clim, vinageuka maji.

Hakuna aliyekuwa amemshuku. Angenyamaza siku moja tu, mambo yangeisha. Badala yake alivua kofia akasema mbele ya watu wote kwamba kosa ni yake, Bijou hana kosa, kisha akaniomba samahani. Mimi nililia, yeye akajifanya anatafuta misumari.

Kwa siku tisa alibomoa na kujenga upya, nailoni upande wa hanga, kila kiungo kimezibwa kwa utepe. Tangu hapo chumba hakijatoa hata tone. Kitu pekee kinachoweza kukisumbua ni mlango ulioachwa wazi, na Papa Rigobert amekemea watu wa kila cheo kwa sababu ya mlango huo, akiwemo mgeni mmoja aliyekuja kutukagua. Mgeni aliufunga.

Sasa anarudi Mitwaba, kwenye shamba la mihogo. Papa Rigobert, wenzako wote tunakushukuru, na tunakuombea wewe na Mama Huguette afya, mavuno mazuri na uzee wa raha.

Nami nakushukuru kwa ile Alhamisi. Kesho yake nilikuja kazini, na hadi leo bado ninakuja.