Aliyeisema Vibaya Hadithi Yake Mwenyewe

Kijiwe chenyewe kiko Kihesa, hapa Iringa: benchi la mbao nje ya kibanda cha fundi simu, na birika la kahawa juu ya jiko la mkaa. Wanaolikalia benchi hilo ndio haohao wanaoendesha grupu la Kalamu na Rangi, la waandishi na wachoraji wa Iringa na Mbeya. Grupu liliundwa ili tusomeane kazi. Leo linaendeshwa kama kamati ya harusi: lina mwenyekiti, lina katibu, lina mweka hazina asiye na hazina, na lina mtu wa nidhamu. Asubuhi ni salamu, mchana ni pole kwa waliofiwa, jioni ni picha za maua yanayometameta. Jana Sekela wa Rujewa, ninayesoma naye chuo, aliweka hadithi yake humo akaomba aambiwe palipoharibika, maana leo jioni ndiyo mwisho wa kuituma kwenye kitabu cha hadithi kinachokusanywa. Akapewa onyo. Akajitoa. Asubuhi kaniambia kwamba kama hakuna hata mtu mmoja aliyeisoma, haitumi, anaifuta. Mimi nimeisoma, lakini hanihesabu; anasema ningemsifia hata angeandika risiti ya mkaa. Basi nikaenda kijiweni, upepo wa Julai unanichapa masikio, nami nimeshapandisha hasira.

— Kamwene, mdogo wetu Hoja, — alinisalimu kwa Kihehe Danieli, mwenyekiti, ambaye sote tunamwita Katiba. — Kaa, upate kahawa.

— Sikai. Kwa nini Sekela kapewa onyo?

— Kavunja kifungu cha kutiana moyo. Kaisema vibaya kazi ya mwanachama.

— Mwanachama gani?

— Sekela.

Nilimwangalia. Hakucheka.

— Kaka Danieli, yaani Sekela kapewa onyo kwa kuisema vibaya hadithi ya Sekela?

— Sheria haiangalii sura. Kaandika "naombeni mniambie pabovu". Pabovu! Kwenye grupu la kutiana moyo! Tukimwachia huyu, kesho kila mtu atajiita mbovu, na hapo grupu liko wapi?

— Liko palepale lilipo. Hamna kitu!

— Punguza munkari, dada, — alisema Clement. Huyu ni Bando, kwa sababu bando lake huisha kila anapoombwa kusoma kitu. — Mimi naona kajitoa kwa aibu. Hadithi ndefu vile inamaliza bando za watu.

— Maandishi hayali bando, Bando. Stika zenu ndizo zinazokula. Wewe ulimwekea nini?

— Moto. Makofi. Na yule simba anayekata mauno.

— Uliisoma?

— Nilimtia moyo.

Saulo akaweka kikombe chini. Alihamia hapa kutoka Mbeya, na jina lake la kijiweni ni Mwanjelwa, kwani kwake yeye hakuna kizuri ambacho hakikuanzia sokoni Mwanjelwa.

— Nyie hamjui mambo. Huyo kachukuliwa. Kuna grupu kule Mbeya linavuna waandishi wetu. Na Rujewa si mkoa wa Mbeya? Wamemrudisha nyumbani kimyakimya.

— Wamemrudisha vipi, na mimi nimeongea naye asubuhi yuko hosteli?

— Hosteli uko mwili tu. Wana mtu wao ndani ya grupu letu. Anakaa kimya, anasubiri mmoja akasirike, anamvuta.

— Nani huyo?

— Si nimekwambia anakaa kimya?

— Mle ndani wote wako kimya!

— Eeh! Sasa umeanza kuuona ukubwa wa tatizo.

— Siyo mtu, — Bando akadakia, na sauti kaishusha kama anayetaja mchawi. — Ni mashine. We fikiria. Mtu akiweka hadithi tu, papo hapo inaingia "hongera sana". Binadamu gani anasoma kwa kasi hiyo?

— Bando, hiyo hongera ya kwanza huwa ni yako.

Akafikiri.

— Basi wameshaingia kwenye laini yangu.

— Dawa ni fulana, — alisema Katiba. — Fulana za grupu, zenye kola. Mtu atajitoaje na fulana anayo? Atamrudishia nani?

— Na mlezi, — aliongeza Mwanjelwa. — Tutafute mheshimiwa awe mlezi.

— Na wimbo, — alisema Bando.

Jamani! Nimeshasimama kwenye midahalo na watu wasiojua wanachotetea, lakini wale angalau walikuwa na mada.

— Isomeni! — nilipiga kelele. — Mmoja wenu tu! Hii hapa, nimewafungulia, kahawa haitapoa hamjamaliza!

Nikampa Katiba simu yangu. Katiba akasema kazi haipokelewi nje ya kikao cha Jumapili, asije akaonekana ana upendeleo, akampa Bando. Bando akasema miwani kaisahau nyumbani, na sijawahi kumwona na miwani tangu nimfahamu, akampa Mwanjelwa. Mwanjelwa akatupia jicho mstari wa kwanza, akasema "Mbeya hiyo, inaonekana tu," akaisukuma pembeni bila kutazama inapokelewa na nani.

Iliangukia mapajani kwa dada mmoja aliyekaa mwisho wa benchi. Hatukumjua. Simu yake ilikuwa mezani kwa fundi, imefumuliwa, naye alikuwa hana cha kushika ila kikombe. Akaanza kusoma. Sisi tukaendelea na kola: Katiba anataka kijani, Mwanjelwa anataka nyeupe, mimi nataka kulia.

— Samahanini, — yule dada alisema. — Nina swali.

— Karibu, dada, — alisema Katiba. — Wewe ni mwanachama?

— Hapana. Huyu msichana anarudi likizo, anakuta ng'ombe wake kauzwa, na nyumba nzima wanamwambia yuko malishoni. Sawa. Sasa huyu mama anayemwekea ng'ombe maji kila jioni, naye anadanganya, au naye kadanganywa?

Katiba akamwangalia Bando. Bando akamwangalia Mwanjelwa. Mwanjelwa akaangalia ndani ya kikombe.

— Swali zuri, — alisema Katiba. — Liletwe Jumapili.

Nikafungua mdomo nijibu mimi. Nimeisoma ile hadithi mara tatu. Sikujua. Na nilivyozidi kufikiri, niliona Sekela naye hakuwa ameamua.

Nikaomba simu yangu, nikampigia, nikamrudia swali vilevile.

— Nani kauliza? — Sekela alisema.

— Dada mmoja tu. Hatumjui.

— Kafika mpaka kwenye maji?

— Kafika.

Nikasikia kiti kikivutwa, na kompyuta ikiwashwa.

— Mwambie asiondoke.