Bi. Ou Pei-chin, Aliyewafikisha Watu wa Kinmen Melini

Bi. Ou Pei-chin anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kutumikia ofisi yetu ya safari hapa Jincheng, kisiwani Kinmen, kwa miaka thelathini na miwili. Aliajiriwa muda mfupi baada ya jeshi lililokuwa likikitawala kisiwa kukiachia, watu wa Kinmen walipoanza kusafiri kwenda Taipei bila kuomba kibali. Ofisi ilikuwa na meza mbili, simu moja na feni iliyopiga kelele kuwashinda wateja. Leo tumekuwa wengi, na hakuna kati yetu ambaye hakufundwa naye.

Amefanya mengi, lakini jina lake limejengwa na jambo moja: kupanga ndege ili mtu aliyelipia meli ya kitalii asiikose. Kwa mkazi wa Taipei, kufika bandari ya Keelung ni suala la kupanda basi. Sisi ni lazima turuke kuvuka bahari, na tuna ukungu. Ukishuka juu ya uwanja wetu wa ndege wa Shangyi majira ya kuchipua, hakuna ndege inayotua wala inayoruka, na nahodha aliyeko Keelung hana habari. Wakati wake ukifika anaondoka, hata kama umelipia chumba chenye roshani.

Kwa hiyo Bi. Ou hakumruhusu mteja wake yeyote kuruka siku ile ile ya meli. Nje ya msimu wa ukungu, utatangulia siku moja. Ndani ya msimu, mbili. Ukiunganisha ndege, tiketi zote ziandikwe pamoja kama safari moja, ili ndege ya kwanza ikichelewa shirika liwajibike kukutafutia nyingine. Pasi ya kusafiria ikae kwenye begi lako la mkononi, si ndani ya sanduku. Watu walimnung'unikia, wakamwita Shangazi Ukungu, na wapo waliosema kwamba kila asubuhi huenda kumnong'oneza simba wa upepo, sanamu inayokinga kijiji chao na upepo, ili asiupeperushe ukungu. Aliwacheka, akaendelea kuwapangia hivyo hivyo.

Si kwamba kuwahi kulitosha kila mara. Mwalimu mkuu mstaafu, Bw. Chuang, alifikishwa Keelung siku mbili kabla, akakolewa na supu ya kaa ya soko la hekaluni hadi siku ya safari akawa bado yuko kwenye foleni ya bakuli jingine huku wenzake wanapanda. Bi. Ou alimpata kwa simu akiwa hapa ofisini, akamwambia aache supu ilipo, naye akaiwahi meli. Tangu hapo kila kundi lake limepigiwa simu siku ya kuondoka, na alikuwa hakubali mtu aseme tu kwamba ameshapanda. Sharti asikie honi ya meli.

Mara moja tu alitueleza jambo hili lilimwingiaje. Baba yake alikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo iliyotokea Brunei. Pei-chin alipokuwa na miaka sita, habari zilikuja kwamba meli hiyo itapita bandari ya Kaohsiung, kusini mwa Taiwan. Mama yake akachukua watoto, akaenda kungoja nafasi kwenye meli ya jeshi, maana ndiyo iliyokuwepo. Nafasi ilipopatikana na wao kufika Kaohsiung, waliiona meli ya baba ikiwapa kisogo mlangoni mwa bandari. Walionana naye Pei-chin akiwa tayari sekondari. Alisimulia haya huku akimenya karanga, kisha akauliza kama pasi za kundi la Jumatatu zimeshakaguliwa.

Lakini tukiulizwa ni safari ipi iliyotuacha midomo wazi, sote tutataja ile ya ukoo wa Hsueh.

Bibi Tung Hsiu-lien, mkongwe wa ukoo huo, alikuwa anatimiza miaka tisini. Alitaka kitu kimoja: wanawe wawili wakae naye meza moja. Mkubwa, Cheng-tao, anafua visu hapa mjini. Mdogo, Cheng-fu, anaishi Brunei. Walikuwa wamegombania nyumba ya urithi, na kwa miaka kumi na moja hawakuwa wamesemezana. Wajukuu wakakata shauri kuwapakia wote kwenye meli ya kutoka Keelung kwenda Ishigaki na Naha, Japani, mahali ambapo hakuna wa kutoka mezani akaenda kwake.

Ilikuwa Aprili. Ukoo mzima ulitangulia siku mbili pamoja na bibi kwenye kiti chake cha magurudumu. Cheng-tao akagoma. Alisema hawezi kufunga karakana, ataruka asubuhi ya siku yenyewe.

"Kaka, tiketi hiyo sikuuzii," Bi. Ou alimwambia. "Nitakuwa nimekuuzia kiti cha kungojea pale Shangyi."

"Dada, wewe unaona ukungu hata kwenye kikombe cha chai," akajibu, akaondoka, akainunua mwenyewe kwa simu.

Asubuhi ile hatukuiona hata barabara iliyo mbele ya ofisi. Cheng-tao akakwama uwanjani. Bi. Ou akaenda kumkuta. Mimi ndiye niliyempeleka kwa gari, kwa hiyo niliyasikia haya kwa masikio yangu. Mzee alikuwa ameketi na begi mapajani, na kusema kweli hakuonekana mtu aliyeudhika.

"Basi tena," alisema. "Mwambie mama ukungu umenizuia."

"Mama nitamwambia ukungu," Bi. Ou akajibu. "Ndugu yako nitamwambia nini?"

Cheng-tao akalishusha begi lake sakafuni.

Hapo ndipo tulipojua kwamba siku ile Cheng-tao alipotoka ofisini akicheka, Bi. Ou alikuwa ameiandikia kampuni ya meli kuomba abiria mmoja aruhusiwe kupandia Ishigaki, bandari ya kwanza, jambo wasilolikubali kirahisi na lisiloombwa dakika za mwisho. Walikuwa wameshakubali. Kiti cha ndege cha Taipei hadi Naha, na cha Naha hadi Ishigaki, vilikuwa vimeshawekwa. Kilichobaki ni mbingu kufunguka, na hilo yeye hakuwa na uwezo nalo. Tulikaa pale tukila uji wa kopo. Jioni, meli ikiwa imeshaondoka Keelung, ukungu ukanyanyuka, na Cheng-tao akapanda ndege bila kubembelezwa tena.

Kesho yake alifika gatini Ishigaki meli ikiwa bado imefungwa kamba. Chini ya ngazi alisimama Cheng-fu. Mjukuu aliyekuwepo ndiye aliyetusimulia. Mdogo alilipokea begi la kaka yake kwanza.

"Umechelewa, kaka."

"Ukungu," mkubwa akasema.

"Ukungu gani huo wa miaka kumi na moja?"

Cheng-tao akacheka hadi akashika reli ya ngazi, kisha kicheko kikageuka kilio, na mdogo wake akampandisha akiwa amemshika kiunoni. Usiku ule Bibi Tung aliwamenyea kamba wa baharini wote wawili, kama watoto, na hakuna aliyethubutu kumwambia aache. Alifariki majira ya baridi yaliyofuata.

Dada Pei-chin, tunakushukuru kwa kila meza iliyojaa kwa sababu yako, na kwa kutufundisha kuwa nyuma ya kila tiketi kuna mtu anayengojwa. Mwezi Julai unahamia Kaohsiung kwa binti yako, anayetarajia mapacha mwezi Agosti. Hao watakuja siku watakayotaka wao, na hakuna ratiba utakayowapangia. Uwe na afya, ucheke, ulale usingizi mzito hata kukiwa na ukungu. Maisha yako ya kustaafu yawe mema, na marefu.